Nipe Mji

Balozi Foibe Ndahani hasinzii mikutanoni. Wanaosinzia wapo, tena mabingwa: wengine hulala wameshika tama ungedhani wanaitafakari dunia, wengine huvaa miwani ya giza wakasingizia macho. Yeye ni wakili, mahakama ndiyo iliyomlea kabla hajapelekwa ubalozini, na amezoea kukaa wima mpaka hakimu ainuke. Lakini leo ni alasiri ya mwisho ya mkutano wa dunia wa chakula, ambao hakuna aliyethubutu kuuita mkutano wa njaa, nje theluji inaanguka kimya kimya, ndani joto la mashine linabembeleza, na Foibe hajatia kitu tumboni tangu jana mchana. Si kwamba chakula hakikuwepo. Wenzake walipokuwa wakila kantini, Teofili, katibu wake wa ubalozi, mtu mzima mwenye kitambi na huruma, alimsogezea kiti akasema, Mama, karibu tule, naye akajibu, asante, nimeshiba. Uongo mtupu, na ulitoka wenyewe. Kwao Chinyika, katika nchi kavu ya Ugogo, mtoto hufundishwa jibu hilo kabla hajajua kufunga vifungo vya shati. Mama yake, Mama Damari, alikuwa na vidole viwili kama koleo. Wakifika kwa jirani wakakuta chungu mekoni, vidole vile vilimfinya pajani hata kabla mwenye nyumba hajasema karibu, na Foibe mdogo, mate yamemjaa mdomoni, alijua wajibu wake. Asante, nimeshiba.

Mbele yake mezani kuna mkataba alioanza kuuhangaikia nywele zake zikiwa bado nyeusi. Maghala ya pamoja, nafaka ya dunia nzima mahali pamoja, ili mtu asife kwa kukosa kibaba huku kwingine panya wananenepa. Kimebaki kifungu cha saba tu. Kinasema chakula kitatoka ghalani pale nchi yenye shida itakapotamka yenyewe, kwa kinywa chake, kwamba ina njaa. Wenye kuyajaza maghala wamekisimamia kidete: bila hicho hawatii saini. Foibe amekipinga mpaka sauti ikamkauka, na asubuhi ya leo, penye mashine ya kahawa, kwa kuchoka tu, amekiachia. Ni maneno, aliwaambia. Nani mwenye njaa atashindwa kusema ana njaa? Alisema hivyo yeye, mtoto wa Mama Damari. Na jana alikuwa amepiga simu nyumbani, ambako mvua imekata na soko halina hata debe la mtama la kununua kwa hela anazotuma, akauliza, mama, mmekula? Sauti kavu ikamjibu, tumekula mwanangu, tumeshiba kabisa. Serikali nazo zikiulizwa hujibu hivyo hivyo, ila zenyewe hujibu zikiwa zimevaa tai.

Sikioni mwake kuna kidude cha kusikilizia, na ndani ya kidude kuna sauti ya mkalimani wa Kiswahili. Mtu huyo hukaa juu, nyuma ya kioo cheusi, na kwa muda wote wa mkutano Foibe hajawahi kumwona uso. Ni sauti laini isiyo na umri. Tunaingia kifungu cha kwanza, inasema. Hakuna pingamizi. Tunaingia kifungu cha pili. Hakuna pingamizi. Tunaingia, tunaingia, na kope za Foibe zinakuwa nzito, na kila tunaingia inamsogeza hatua moja ndani ya kitu asichokiona, mpaka sauti inasema kwa upole, angalia kizingiti, naye anainua mguu na kuvuka.

Anatembea juu ya zulia jekundu la ukumbi, na zulia linakuwa udongo mwekundu, na udongo unakuwa njia, na njia inakwenda mbele bila kona lakini kila akigeuka nyuma anaiona imepinda. Hakuna jua wala kivuli. Pembeni yake anatembea mtu mrefu aliyevaa suti, na mahali pa uso wake pana kioo cheusi, na ndani ya kioo Foibe anajiona mwenyewe akitembea upande wa pili, amechelewa kidogo, kama anayemfuata. Wewe ni nani, anauliza. Mimi nasema wanayosema wengine, anajibu yule mtu, na sauti ni ile ile ya sikioni. Unanipeleka wapi? Napeleka maneno, watu huja wenyewe. Foibe amewahi kuhoji mashahidi wakaidi kuliko huyu, kwa hiyo anakaza mwendo tu. Basi mtu wa kioo anasema, kitendawili. Tega, anasema Foibe, maana nani aliyelelewa Uswahilini au Ugogoni anayesikia kitendawili asijibu tega? Ninaye mgeni nyumbani kwangu, anasema mtu wa kioo. Nisipokula yeye hula. Nikilala yeye hukesha. Na ukinibishia hodi ukaniuliza nani yumo ndani, nasema hamna mtu.

Jibu analijua. Analijua tangu utotoni, limekaa pale kwenye ncha ya ulimi, neno fupi lisilozidi pumzi moja. Anafungua mdomo na kusema, uhaba wa chakula. Mtu wa kioo anatikisa kichwa. Hali tete ya lishe, anasema Foibe, na jasho linamtoka, kwa sababu si hilo alilotaka kusema. Mapengo katika upatikanaji wa mahitaji ya msingi. Siyo, anasema mtu wa kioo, umeshindwa, nipe mji. Na hapo Foibe anacheka, maana huo ni mchezo wa watoto: aliyeshindwa hutoa mji, mtegaji huupokea, akajisifu amekwenda huko akala na kunywa, ndipo atoe jibu. Wao jioni za Chinyika walikuwa wakigawa Mombasa na Tanga kwa mikono miwili, na hakuna mji uliowahi kudhurika. Chukua Tabora, anasema. Nimekwenda Tabora, anasema mtu wa kioo, nimekula, nimekula, nimekula. Jibu hatoi. Mbali kule upande wa kushoto, ambako hakukuwa na kitu, Foibe anasikia mlio wa vinu vingi vikitwanga, na sasa vinu vinanyamaza kimoja kimoja mpaka cha mwisho. Kicheko kinamkauka. Mbona hutoi jibu, anauliza. Jibu liko kwako, anasema mtu wa kioo, mimi nakaa na mji tu.

Wanaingia katika mji uliojengwa kwa pacha. Kila nyumba inatazamana na nyumba iliyo sawa nayo, mlango kwa mlango, ufa kwa ufa, na watu wa upande huu wakiinua mkono wa upande ule wanainua pia, na haijulikani nani kaanza. Wamekaa vibarazani kuzunguka masinia. Wananawishana mikono kwa mabirika, maji yanamiminwa, vidole vinasuguliwa taratibu, wanakung'uta, wanatazama sinia, kisha wananawa tena. Masinia ni matupu, tena yanang'aa. Foibe anapita na kila kibaraza kinamwambia, karibu tule, na yeye, aibu imemshika, anajibu, asanteni, nimeshiba, na kibaraza cha pacha kinajibu vile vile kwa sauti yake. Halafu, kwa kuwa ndiyo kazi iliyomzeesha, anasimama na kuuliza, na nyinyi je, mmekula? Tumeshiba, wanasema wote. Ndipo anaona midomo yao. Ni midogo kuliko inavyopaswa kuwa. Mama mmoja aliyekaa karibu, kitenge kimemning'inia kwa wembamba, anasema tena kwa tabasamu, tumeshiba dada, usiwe na wasiwasi, na mdomo wake unapungua mbele ya macho ya Foibe, unasinyaa kwenye pembe kama kidonda kinachopona.

Mwisho wa mji kuna ghala. Halina dirisha, ukuta wake unapanda mpaka unapotelea juu, na ndani nafaka inateleza na kuvuma. Mlango hauna kufuli. Unafunguka kwa nini, anauliza Foibe, ingawa moyo wake umeshajua. Kwa kinywa cha mwenye shida, anasema mtu wa kioo, atamke yeye mwenyewe. Si ndivyo mlivyokubaliana penye kahawa? Foibe hasubiri. Anarudi vibarazani mbio, amevua viatu vya kibalozi, anapiga magoti mbele ya yule mama mwenye kitenge na kumshika mikono iliyolowa. Sema tu, dada yangu, sema una njaa, ghala lile pale, ni neno moja! Mama anamtazama kwa mshangao wa mtu aliyevuliwa nguo hadharani. Mbele ya mgeni, anasema. Wewe kwenu hamna adabu? Tena anaongeza, kwa sauti ya chini sasa, maana nafasi ya kupitishia sauti imekuwa ndogo, kwanza wale wa mbele hawajasema, niseme mimi kwa nini? Foibe anageukia wale wa mbele. Wale wa mbele wanaonyesha wa mbele yao. Anakwenda mlango kwa mlango akisihi, anatumia kila ujanja aliojifunza kwa mahakimu na mawaziri, na kila mlango unamjibu kwa heshima zote, na heshima hiyo inawafunga midomo mmoja baada ya mwingine mpaka mtaa mzima umenyamaza, nyuso laini kama viganja.

Kitendawili, anasema mtu wa kioo nyuma yake. Sitaki, anasema Foibe, lakini mdomo wake umeshasema tega. Ni kile kile, mgeni wa nyumbani. Anajikaza, anafumba macho, anasukuma neno kwa nguvu zote za mwili, na kinachotoka ni changamoto za usalama wa chakula. Nipe mji. Anataja Songea. Nipe mwingine, jibu hilo lilikuwa baya zaidi. Anataja Shinyanga, anataja Lindi, anataja miji ya nchi za watu, aliyowahi kulala hotelini na asiyowahi kuiona, na kila anapotaja vinu vinanyamaza upande fulani wa njia. Anaogopa sasa. Anaogopa kwa namna ambayo hajaogopa tangu akiwa mtoto, ile hofu ya kujua kuna kosa linaendelea na mkono unaolitenda ni wako.

Anakimbilia jengo la kwanza analoliona na ndani yake ni mahakama, ile ile ya wilaya aliyoanzia kazi, yenye feni iliyokuwa haizunguki. Kizimbani amesimama Elieza Nhonya, na shati lake ni lile la siku ile. Huyu ndiye mteja wake wa kwanza, aliyevunja ghala la hifadhi la wilaya mwaka wa ukame akachota ndoo ya mtama. Foibe, wakili mbichi, alikuwa amejenga utetezi wake wote juu ya jambo moja: mtu huyu alisukumwa na njaa, na sheria humhurumia aliyesukumwa. Kilichobaki ni yeye kusema. Hakimu akamuuliza, mshtakiwa, ulikuwa na njaa? Na kwenye benchi la mbele walikuwa wamekaa wakwe zake, baba na mama wa mkewe, wamekuja kwa miguu kumsikiliza. Elieza akawatazama, akanyoosha kola. Hapana, mheshimiwa, alisema. Nilikuwa nimeshiba. Wakamfunga. Foibe alilia kwa hasira chooni, na jioni ile ndipo alipoamua kwamba kazi yake haiko katika mahakama, iko kule sheria zinakotungwa, akatunge moja isiyomtaka mwenye njaa ajivue nguo mbele ya wakwe ndipo apewe kula. Maisha yake yote yaliyofuata yalitoka kwenye jibu lile: vyumba vya mikutano, viwanja vya ndege, ndoa iliyochoka kumsubiri. Na asubuhi ya leo ameikubali sheria ile ile inayomtaka ajivue.

Mzee Elieza, anasema, nakuuliza tena, ulikuwa na njaa? Elieza anainama kutoka kizimbani ili asisikike mbali. Wakili, anasema, wakwe zangu hao wamekaa. Waondoe wakwe, mwanangu, nitasema hata mara kumi. Foibe anageuka kuwaomba watoke nje. Benchi la mbele limekuwa refu kupita ukuta, na waliokaa juu yake wamevaa suti, na mbele ya kila mmoja kuna kibao chenye jina la nchi, na bilauri ya maji. Ni wajumbe wa mkutano, wenye maghala, wamekunja mikono, wanasubiri kusikia mkwe atasema nini. Hawaondoki. Si watu wa kuondoka. Elieza anawatazama, ananyoosha kola, na Foibe anapiga kelele, usimjibu hakimu! Lakini Elieza Nhonya ni mtu wa heshima. Nimeshiba, anasema, na mdomo wake unajifunga kimya, ngozi kwa ngozi, mpaka hakuna alama.

Sasa mtu wa kioo yuko mahali pa hakimu. Hategi tena. Nipe mji, anasema. Foibe anatafuta majina na hayapo, ameyatoa yote. Umebakiwa na mmoja, anasema mtu wa kioo. Huo sitoi. Hujaombwa utoe, anajibu mtu wa kioo, umeombwa usipinge. Na ukuta wa mahakama unafunguka kama pazia, nyuma yake ni Chinyika, mashamba yamekuwa vumbi, zizi la jirani liko wazi na halina mnyama, na kizingitini pa nyumba ya bati amekaa Mama Damari ananawa mikono juu ya sinia tupu. Amekwisha. Mdomo wake umebaki uzi. Foibe anaanguka miguuni pake, anasema, mama, sema, mimi ni mwanao, mimi si mgeni, hapa hakuna mkwe wala jirani, niambie mimi tu! Mama Damari anamwangalia kwa upendo wote wa duniani, na kwa uzi ule wa mdomo anauliza anachouliza kila mama kwa mtoto aliyetoka safari. Na wewe mwanangu, umekula? Nimeshiba, mama, anajibu Foibe.

Limetoka. Limetoka lenyewe, na hapo hapo anahisi pembe za midomo yake zikivutwa ndani kama mfuko uliokazwa kamba. Anataka kulirudisha. Anajishika uso na vidole vinateleza. Katika kioo cheusi kilichosimama juu yao anaona mama na mtoto wakitazamana, wote wawili wameshiba, wote wawili wanakufa. Ndipo Mama Damari ananyoosha mkono uliolowa na kumfinya pajani, palepale pa siku zote, kwa nguvu asizokuwa nazo, na Foibe hajui, na hatajua kamwe, kama mama anamwambia nyamaza au anamwambia amka.

Anaruka kwenye kiti. Ukumbi upo. Theluji ipo dirishani, karatasi ziko mezani, Teofili amemwekea mkono begani na ananong'ona, Mama, ulipitiwa kidogo, tumefika cha saba. Anagusa midomo yake, ipo, imekauka. Sikioni ile sauti laini inatafsiri maneno ya mwenyekiti: tunaingia kifungu cha saba, na kama hakuna pingamizi, kitakuwa kimepita. Nyundo ya mwenyekiti imeinuliwa. Foibe anabonyeza kitufe na taa nyekundu ya kipaza sauti inawaka. Anayo maneno, anayo mengi, ujumbe wangu una mashaka, ujumbe wangu ungependa kuweka kumbukumbu, ameyasema maisha yote na yamejipanga mstari kwenye koo kama askari. Anayapisha pembeni. Inamchukua muda, na paja linamuuma.

Nina njaa, anasema.

Teofili anageuka ameduwaa. Mama, ananong'ona, si ungesema mapema, kuna sambusa kwenye begi. Nina njaa, anasema Foibe kwenye kipaza sauti, kwa Kiswahili, kwa sauti ya Chinyika, na mama yangu ana njaa, na Elieza Nhonya alikuwa na njaa siku ile, na hatasema yeyote kati yao mkiwa mmekaa hapo mmekunja mikono. Futeni kifungu hiki. Kisha anasubiri tafsiri iende kwa wengine, maana huko juu nyuma ya kioo kuna mtu ambaye kazi yake ni hiyo. Wajumbe wanaanza kugeuka kumtazama, safu kwa safu, polepole, na mwanga wa theluji unaingia nyuma yao hivi kwamba nyuso zao hazionekani vizuri, zinaonekana laini tu, laini kupita kiasi. Jibu amelitoa, na katika mchezo anayetoa jibu hadaiwi mji. Anamsubiri mtegaji akubali.

Wajumbe wanasema asante, inasema sauti sikioni mwake, wao wameshiba. Je, balozi anatoa mji?

Foibe anajifinya pajani apate kujua yuko wapi. Panauma, lakini palikuwa panauma tangu mwanzo. Anamtafuta Teofili na kumwona ameinamia begi lake, kisogo tu. Nyundo bado iko juu, haijashuka, na taa nyekundu bado inawaka, kwa hiyo anausogelea tena mdomo wa kipaza sauti mpaka midomo yake inagusa chuma. Sitoi, anasema. Nina njaa.